Kijiti cha Shingoni na Fimbo ya Wazee

Ndugu msomaji, mimi si mwanamuziki. Sikusomea nota mahali popote, wala sauti yangu si ya kuitwa jukwaani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, nikastaafu, na sasa natunza migomba na kahawa katika kihamba alichoniachia baba yangu huku Old Moshi, juu ya Kiboriloni. Haya ninayoyaandika ni habari ya mtu aliyejifunza nyimbo za kwao akiwa mtu mzima, bila mwalimu wa darasani, na kwa kuchelewa.

Nianze na kijiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika shule niliyosoma, kulikuwa na kipande cha mti kilichotobolewa na kutiwa kamba. Mtoto aliyesikika akisema Kichagga alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo amvishe yeye. Aliyekutwa nacho kengele ya jioni ilipogongwa alichapwa. Siku moja nilivishwa kwa sababu ya wimbo. Nilikuwa nachota maji ya kumwagilia bustani ya shule kwenye mfongo, huku nikiimba wimbo ambao bibi yangu alitumia kubembelezea watoto. Nilichapwa viboko vinne. Sikulia, lakini tangu siku ile sikuuimba tena. Nilipokuja kuutafuta, miaka thelathini baadaye, nilikuta nimebakiwa na mstari mmoja na nusu.

Kilichonifanya niutafute ni msiba. Bibi yangu alifariki mwaka 1993, akiwa mzee sana. Usiku wa matanga, shangazi yangu alianza kuimba kwa namna ya zamani, peke yake, sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayezungumza na aliyekufa. Hakufika mbali. Vijana wa kwaya, kwa nia njema kabisa, walianzisha pambio la sauti nne, naye akanyamaza akajifunika khanga. Nilimtazama, nikajiuliza: hivi yule mama akiondoka, nani mwingine anazijua?

Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye jubilei ya padri mmoja mzee, Mwairishi, hapa mjini Moshi. Mimi ni Mlutheri, lakini ujirani ni ujirani. Waairishi si wageni Kilimanjaro. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Kilema mwaka 1890 walitoka Ufaransa, ila baadaye Waairishi nao wakaja, na Askofu Joseph Byrne, aliyewaongoza Wakatoliki wa mlima huu tangu mwaka 1932 hadi 1959, alikuwa mmoja wao. Basi baada ya chakula watu wakamwomba mzee yule awaimbie wimbo wa kwao. Hakutaka kinanda wala gitaa. Alifumba macho, na mwenzake aliyeketi karibu akamshika mkono, akawa anauzungusha taratibu kadiri wimbo ulivyokwenda. Beti zilikuwa ndefu. Sauti haikwenda moja kwa moja, bali ilizungukazunguka kila neno kabla ya kuliacha. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilimsikia shangazi yangu mle ndani.

Nilimfuata baadaye. "Shikamoo, baba padri. Ule ni wimbo wa namna gani?"

"Marahaba, mwalimu. Kwetu twauita *sean-nós*. Maana yake ni mtindo wa zamani, basi. Ni wimbo wa jikoni na wa msibani. Babu wa babu yangu aliufahamu, ingawa shuleni walimvika kijiti shingoni kwa sababu ya lugha hiyo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kwamba na mimi nilivishwa. Mzee yule alinitazama kwa muda, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha.

Tangu hapo nikaanza kusoma, kila kitabu nilichoweza kuazima. Nikajifunza kwamba katika karne ya 19 watoto wa Ayalandi walivishwa kijiti, na kila walipotamka neno la Kiairishi kilikatwa alama moja. Jioni alama zilihesabiwa, na kila alama ilikuwa na adhabu yake. Mara nyingi wazazi wenyewe walikubali, kwa sababu Kiingereza ndicho kilichokuwa na kazi na nauli ya kwenda Marekani. Halafu ikaja njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama hao wakahama nchi. Waliokufa kwa wingi ni maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wakiimba kwa Kiairishi. Wimbo haufi peke yake. Hufa pamoja na jiko lake.

Sisi hatukupata njaa ya namna ile. Lakini tulipata mabadiliko yetu, na yalikuja kwa haraka. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapa Old Moshi. Baadaye likaja reli kutoka Tanga, ikaja kahawa, ikaja kodi. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, mahali pa kuimbia pakawa pachache: vijana hawakupelekwa tena msituni kufundwa, na sherehe nyingi zikahamia kanisani.

Hapo ndipo nilipokutana na fimbo. Mchungaji Bruno Gutmann alifika nchini mwaka 1902, na sehemu kubwa ya kazi yake, hadi aliporudi Ujerumani mwaka 1938, aliifanya hapa hapa Old Moshi. Aliketi na wazee akaandika waliyomwambia, na kati ya mwaka 1932 na 1938 akachapisha mafundisho ya jando la Wachagga katika majuzuu matatu makubwa. Niliyasoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni nzima. Humo nilisoma habari za *mregho*, fimbo iliyochongwa alama kutoka juu hadi chini. Mzee aliyefunda vijana aliishika mkononi, na kila alama ilimkumbusha somo lake: namna ya kumheshimu mama, namna ya kuishi na jirani, mtoto anavyokua tumboni. Na masomo yale yaliimbwa.

Ndugu msomaji, niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Kijiti changu cha shuleni kilikuwa cha kunisahaulisha. Babu zangu walikuwa na fimbo ya kukumbukia, nami nilifikia umri wa miaka arobaini na zaidi bila kuwahi kuisikia, nikaisoma kwa Kijerumani.

Nisije nikaonekana nawalaumu wamisionari tu. Aliyeandika mafundisho yale alikuwa mmisionari, na bila yeye tusingekuwa nayo. Na kijiti cha shuleni sikuvishwa na Mzungu. Nilivishwa na mwalimu Mchagga mwenzangu, aliyetaka tufaulu mtihani. Wala si yote ya zamani ya kurudishwa. Jandoni vijana waliumizwa na kutishwa, na mabinti nao walikatwa. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, lakini hata anayezibeba zote bila kuchagua hayuko huru. Nilichotaka mimi ni nyimbo.

Basi nikaenda kwa shangazi nikiwa na daftari, nikidhani nitamwandika kama Gutmann alivyowaandika wazee. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo daftari. Niliandika kwa do-re-mi za kwaya, nikaugawa wimbo katika mapigo manne manne, nikamwimbia nilichoandika. Shangazi alicheka mpaka akaweka kibuyu cha mbege chini.

"Mwanangu, umeuvalisha viatu. Huo wimbo unatembea peku."

Alikuwa na haki. Nyimbo zake hazikuhesabu mapigo kama pambio. Zilifuata pumzi yake, na zilifuata lugha, kwa sababu katika Kichagga sauti ikipanda au ikishuka maana yaweza kugeuka. Ukilazimisha neno liingie katika muziki wa kigeni, waweza kusema jambo ambalo hukukusudia. Ilinibidi nikae, nisikilize, nirudie, nikosolewe. Nilianza kwenda kila Jumapili baada ya ibada. Alinifundisha akichambua maharage au akimenya ndizi, na mikono yake iliposimama, na wimbo ulisimama.

Kosa la pili lilikuwa redio kaseti. Mwaka 1996 nilinunua moja iliyotumika, nikarekodi kaseti mbili, nikaona kazi imekwisha. Nikaacha kujifunza, maana sauti ilikuwa sandukuni. Moja kijana wangu aliirekodia muziki wa dansi bila kujua. Ya pili iliota ukungu wakati wa mvua za masika, na utepe ukakatikia ndani ya mashine. Nilibaki na nyimbo tisa tu, zile ambazo tayari zilikuwa kinywani mwangu. Nilirudi kwa shangazi kwa aibu. Hakunigombeza, alisema tu, "Tuanze tena," lakini kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua, na nyingine alikuwa amezisahau. Alifariki mwaka 2004. Alinipa mbili zaidi, zikawa kumi na moja.

Nilimwuliza kuhusu wimbo wa bibi, ule wa mfongoni. Nilimwimbia mstari wangu mmoja na nusu. Alifikiri sana, akatikisa kichwa. "Huo ulikuwa wa mama mwenyewe. Mimi nilibembelezea wa kwangu." Hapo nilielewa jambo ambalo vitabu havikuniambia. Nilikuwa nikidhani kuna ghala moja la nyimbo za Wachagga, na kwamba mzee yeyote ana ufunguo. Kumbe kila mama alikuwa na kisanduku chake.

Waairishi waliligundua jambo hilo mapema kuliko sisi. Mwaka 1935 serikali yao iliunda tume ya kukusanya mapokeo ya watu, na watu kama Séamus Ennis wakapita vijijini kwa baiskeli katika miaka ya 1940 wakiandika nyimbo kutoka kwa mwimbaji mmoja mmoja. Lakini kilichonigusa zaidi ni mpango wa mwaka 1937 hadi 1939, watoto wa shule wapatao 50,000 walipotumwa kwa babu na bibi zao wakaandike hadithi, methali na nyimbo katika madaftari. Hebu fikiri: shule ile ile iliyowavika mababu kijiti, sasa inamtuma mtoto arudi nyumbani akaulize.

Hata hapa kwetu rai hiyo iliwahi kutolewa. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962, alisikitika kwamba wengi wetu tulijifunza dansi za Kizungu tukaacha ngoma zetu, akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Lakini wizara haiwezi kukaa jikoni kwa shangazi yako. Kwa hiyo, katika miaka yangu ya mwisho ya kufundisha, niliwapa watoto wa darasa la sita kazi moja kila likizo ya Desemba, wakati ukoo wote unaporudi mlimani kutoka Dar es Salaam na Arusha: kamwulize mtu mmoja mzee akufundishe wimbo mmoja, urudi unaujua kwa kinywa, si kwa karatasi. Wengine walirudi na pambio, na wawili walirudi na wimbo wa redio. Lakini mtoto mmoja wa kike alirudi na wimbo wa kusaga ulezi, akauimba mbele ya darasa akiwa ametazama chini, na darasa zima lilinyamaza.

Fimbo yangu ya kutembelea ina alama kumi na moja, nilizozikata kwa kisu ili nisisahau mpangilio. Mjukuu wangu anayeishi mjini, ambaye Kichagga chake ni salamu tu, huzigusa kwa kidole na kuniuliza kila moja ni nini. Namwimbia. Akifika ya mwisho huniuliza kama hakuna nyingine, nami humwimbia ule mstari mmoja na nusu, nikaishia pale pale ninapoishia siku zote.

Msomaji wangu, kama kwenu yuko bado mzee anayejua, usingoje kununua mashine. Nenda kamsaidie kuchambua maharage.