Mizani ya Wapigaji

Katika mabishano ya vijana hakuna yaliyo na umri mrefu kuliko yale ya kutafuta aliye bora. Hubishana juu ya wakimbiaji, juu ya wanandinga, juu ya majemadari wa zamani na wafalme wao. Miongoni mwa wapenzi wa kriketi mabishano hayo huchukua sura ya swali moja: Je, katika historia yote ya mechi za Testi, ni kundi gani la wapigaji lililoshinda mengine kwa ubora? Nataka, msomaji wangu, tulitazame swali hili pamoja. Si kwa sababu jibu lake litakupa mali, bali kwa sababu njia ya kulijibu ndiyo njia ya kusoma historia yoyote.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Timu ya kriketi ina watu 11. Mrushaji hurusha mpira kuelekea wiketi, nayo ni vijiti vitatu vilivyosimamishwa chini. Mpigaji huilinda wiketi hiyo kwa gongo lake, na akiupeleka mpira mbali hukimbia ili kujipatia mikimbio. Mpigaji akitolewa humpisha mwenzake, na zamu ya timu hukoma wapigaji 10 wanapokuwa wametolewa. Katika mechi ya Testi kila timu hupewa zamu mbili, na siku hizi mechi huweza kuchukua siku tano. Neno Testi lenyewe maana yake ni mtihani, na kwa hakika ni mtihani wa mkono, wa moyo na wa subira.

Sasa sikiliza mfano ulio karibu na wewe usomaye katika Kaunti ya Kajiado. Ukishuka kutoka Nairobi kwenda Magadi, kabla hujalifikia ziwa la magadi lenyewe, utapita Olorgesailie. Hapo Louis na Mary Leakey walichimba katika miaka ya 1940, wakakuta mashoka ya mawe ya watu wa kale mno. Mengi ya mashoka hayo yameachwa palepale yalipolala, na mgeni huyatazama bila kuyagusa. Kwa nini hayakukusanywa yote yakatiwa sandukuni? Kwa sababu shoka likiondolewa katika udongo wake hupoteza nusu ya habari zake. Udongo ndio usemao lilitumika lini, kando ya ziwa au mlimani, pamoja na mifupa ya mnyama gani. Tarakimu za kriketi ni kama mashoka hayo. Mikimbio 300 iliyotengwa na uwanja wake, na adui wake, na saa yake, ni jiwe tupu mkononi.

Tuyaite basi makundi yanayodai taji, tuyasikilize moja baada ya jingine.

La kwanza ni Australia ya mwaka 1948. Kundi hili liliongozwa na Donald Bradman, na pamoja naye walikuwamo Arthur Morris, Lindsay Hassett, Keith Miller na kijana Neil Harvey. Walizunguka Uingereza nzima wakacheza mechi 34 wasishindwe hata moja. Katika mji wa Leeds waliachiwa mikimbio 404 waipate siku ya mwisho, kazi ambayo wengi waliiona haiwezekani. Morris alipata 182, Bradman akabaki na 173 bila kutolewa, na ushindi ukapatikana kwa kupoteza wiketi tatu tu. Bradman alimaliza maisha yake ya Testi mwaka huohuo akiwa na wastani wa 99.94. Katika zamu yake ya mwisho alihitaji mikimbio minne ili wastani wake utimie 100, naye akatolewa bila hata mmoja.

La pili ni West Indies chini ya nahodha Clive Lloyd. Gordon Greenidge na Desmond Haynes walifungua zamu, kisha akaja Viv Richards, ambaye mwaka 1976 aliipiga Uingereza mikimbio 291 katika uwanja wa Oval. Mwaka 1984 kundi hili liliishinda Uingereza mechi tano kwa tano nyumbani kwake. Huko Lord's waliachiwa 342. Greenidge peke yake alipata 214 bila kutolewa, na wiketi iliyoanguka ilikuwa moja tu.

La tatu ni Australia iliyofungua karne hii: Matthew Hayden, Justin Langer, Ricky Ponting, Steve Waugh, Damien Martyn, na mpigaji wa saba Adam Gilchrist, ambaye angeweza kuwa wa kwanza katika timu nyingi za dunia. Kati ya mwaka 1999 na 2001 Australia ilishinda mechi 16 za Testi mfululizo.

La nne ni India, ambayo ndiyo iliyoukata mfululizo huo. Mwezi wa Machi 2001, katika mji wa Kolkata, India ilipata 171 tu katika zamu yake ya kwanza, ikiwa nyuma kwa mikimbio 274, ikalazimishwa kupiga tena papo hapo. Ndipo V. V. S. Laxman na Rahul Dravid waliposimama pamoja. Walipiga siku ya nne nzima, asubuhi hata jioni, asitolewe mtu. Laxman alipata 281, Dravid 180, na India ikashinda kwa mikimbio 171. Ukiongeza Sachin Tendulkar, Sourav Ganguly na Virender Sehwag, aliyejiunga nao mwishoni mwa mwaka huo, una kundi ambalo mwaka 2002 lilipata 628 katika Leeds, na mwaka 2004 likapata 675 katika Multan, na mara zote mbili likashinda.

Tumpe nani taji? Mwanafunzi mwenye haraka atatafuta tarakimu kubwa kuliko zote. Akifanya hivyo atafika Colombo mwaka 1997, ambako Sri Lanka ilipata mikimbio 952 dhidi ya India. Hakuna timu iliyopata kufikisha zaidi ya hapo katika zamu moja ya Testi. Walakini mechi ile haikuwa na mshindi. Siku tano zilikwisha, na mlima ule wa mikimbio haukumpeleka mtu popote. Basi wingi peke yake si mizani.

Mimi nina maswali matatu ya kupimia. La kwanza ni la udongo: wapigaji hawa walipiga katika nchi ngapi, juu ya viwanja vya namna gani? Uwanja wenye majani mabichi chini ya mawingu ya Uingereza huuchezesha mpira hewani. Uwanja mkavu wa India huuzungusha unapogusa ardhi. Hapa Afrika Mashariki kriketi ilichezwa kwa miaka mingi juu ya jamvi lililotandikwa juu ya ardhi ngumu, na jamvi nalo lina tabia yake. Yule azoeaye ardhi moja tu hajajulikana bado.

La pili ni la adui: ni nani aliyekuwa akiwarushia mpira? Hapa pana jambo ambalo wabishi wengi hulisahau. Wapigaji wa Lloyd hawakuwakabili katika Testi warushaji wa kutisha kuliko wote wa zama zao, kwa kuwa Malcolm Marshall, Michael Holding na Joel Garner walikuwa wenzao. Vivyo hivyo Hayden na Ponting hawakukutana na Shane Warne na Glenn McGrath, maadamu walivaa kofia moja nao. Hili si kosa lao, lakini ni uzito ambao haumo katika sahani yao ya mizani.

La tatu ni la haja: mikimbio ilipatikana wakati gani? Mia moja iliyopatikana timu ikiwa na raha si sawa na hamsini iliyopatikana timu ikizama.

Kwa mizani hii mimi huielekea India ya Kolkata. Laxman na Dravid waliwakabili Warne na McGrath wote wawili, timu yao ikiwa imezama hata shingoni, wakaiokoa. Na kundi lao baadaye likashinda katika ardhi ya Uingereza na ya Pakistan. Najua utaniuliza habari za Bradman. Nakiri kwamba hakuna mpigaji mmoja afikaye wastani wake. Ila swali letu ni la kundi, wala si la mtu mmoja.

Lakini kabla hatujafunga hukumu, kuna jambo zito zaidi. Mizani huwapima wale tu waliowekwa juu yake. Miezi saba baada ya sifa zile za Kolkata, katika mwezi wa Oktoba 2001, timu ya India ilicheza mechi ya siku moja katika Port Elizabeth ikashindwa kwa mikimbio 70. Aliyeishinda ni nani? Ni Kenya. Wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1998 huko Gwalior, Ravindu Shah alipata 70 na Maurice Odumbe 83, na India ikaanguka kwa mikimbio 69.

Kenya ilianza kushiriki Kombe la Dunia kwa jina lake mwaka 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1975, wachezaji wake walikwenda Uingereza ndani ya timu ya Afrika Mashariki, wakashindwa mechi zote tatu. Chini ya ukoloni vilabu vya kriketi vilikuwa vya Wazungu na vya Wahindi, na Mwafrika aghalabu alikuwa mtazamaji. Lakini tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune, Kenya yenye Waafrika na Wahindi bega kwa bega iliitoa West Indies kwa 93, Brian Lara akiwamo. Siku chache baadaye Steve Tikolo alipata 96 dhidi ya Sri Lanka. Mwaka 1997 Kennedy Otieno na Dipak Chudasama walisimama pamoja katika Nairobi hata wakafikisha 225 dhidi ya Bangladesh. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo nchi nyingine isiyo ya Testi haijalifanya katika Kombe hilo la siku moja.

Hata hivyo Kenya haikucheza Testi hata moja. Bangladesh ilipewa cheo hicho mwaka 2000. Kenya iliomba, isipewe. Baadaye ugomvi baina ya wachezaji na viongozi, upungufu wa fedha, na mchezo kubanwa katika viwanja vichache vya Nairobi viliidhoofisha, na mwaka 2014 ikapoteza hata cheo cha mechi za siku moja za kimataifa. Mzaliwa wa Nairobi, Qasim Omar, aliweza kupata zaidi ya mikimbio 200 mara mbili katika Testi, mwaka 1984 na 1985. Lakini aliipigia Pakistan.

Sisemi kwamba Tikolo na wenzake wangelingana na Laxman na Dravid. Mechi ya siku moja si ya siku tano, na kudai zaidi ya ushahidi ni kuvunja mizani kwa mkono wetu wenyewe. Ninachosema ni hiki: hawakuanguka mtihani, bali hawakuitwa katika chumba cha mtihani. Mambo hayo mawili ni tofauti kabisa, na daftari la tarakimu haliwezi kuyatenganisha. Mwanahistoria ndiye awezaye.

Basi, msomaji, utakapokuta vijana wenzako wakibishana, usiwakimbie, wala usishinde kwa kupaza sauti. Waulize juu ya udongo, juu ya adui, na juu ya haja. Kisha waulize swali la nne, ambalo ndilo gumu kuliko yote: ni nani asiyeandikwa hapa, na ni nani aliyefunga mlango?