Samia Suluhu Hassan: Kutoka Makunduchi hadi Ikulu

Samia Suluhu Hassan ni Rais wa sita wa Tanzania na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1960 Makunduchi, kusini mwa Unguja, na mwaka 1977 alianza kazi serikalini akiwa karani.

Serikali mbili, mabaraza mawili

Zanzibar ina rais wake, mawaziri wake na Baraza la Wawakilishi. Mambo kama afya, kilimo na utalii visiwani huamuliwa huko. Ulinzi, uraia na mambo ya nje ni ya Muungano, na sheria zake hutungwa na Bunge mjini Dodoma. Samia amepita pande zote mbili.

Mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi kwa viti maalum, na Rais Amani Abeid Karume akamteua kuwa waziri. Baada ya mwaka 2005 alisimamia utalii, biashara na uwekezaji. Mwaka 2010 alichaguliwa mbunge wa Makunduchi, na Rais Jakaya Kikwete akampa wizara inayoshughulikia Muungano. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba.

Aliupataje urais?

Katiba inataka Rais na Makamu wake watoke pande tofauti za Muungano. Kwa hiyo mwaka 2015 John Magufuli wa Tanzania Bara alimchukua Samia kuwa mgombea mwenza. Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, hapakuwa na uchaguzi mpya. Ibara ya 37 inasema Makamu humalizia muda uliobaki, na Samia aliapishwa tarehe 19 Machi.

Sifa na lawama

Mwaka 2021 serikali yake iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Januari 2023 iliondoa zuio la mikutano ya hadhara ya vyama. Lakini Aprili 2025 kiongozi wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na chama chake hakikushiriki uchaguzi wa 29 Oktoba. Siku hiyo yalizuka maandamano, watu wakauawa na intaneti ikazimwa. Tume ilimtangaza Samia mshindi kwa takriban asilimia 98. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walisema uchaguzi haukufikia viwango vinavyotakiwa.

Je, anaweza kugombea tena?

Hapana, kwa Katiba ilivyo sasa. Ibara ya 40 inasema Makamu anayerithi urais kwa miaka mitatu au zaidi ataruhusiwa kugombea mara moja tu. Samia alirithi zaidi ya miaka minne, na nafasi hiyo moja ameshaitumia mwaka 2025. Muhula wake unaisha mwaka 2030.