Heru Juu na Alama ya Asilimia

Wilayani Kasulu kuna Heru Juu na kuna Heru Ushingo. Mwenyeji hawezi kuzichanganya, lakini kompyuta yaweza, na chanzo ni ile nafasi tupu iliyo katikati ya jina.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha ya alama za kupelekeana habari kwa mashine, iitwayo ASCII. Ilikuwa na nafasi za alama 128 tu, na waliotunga walifikiria Kiingereza chao. Desemba 1994, Tim Berners-Lee na wenzake wawili walipochapisha kanuni za anwani za intaneti, walijenga juu ya orodha hiyohiyo. Nafasi tupu waliikataza, kwa sababu anwani inaponakiliwa au kupigwa chapa, nafasi huweza kupotea au kuongezeka bila mtu kutambua. Badala yake huandikwa %20, na katika fomu za kuulizia huandikwa alama ya kujumlisha. Kwa hiyo anayeuliza habari za Heru Juu, swali lake husafiri likiwa Heru%20Juu au Heru+Juu. Nafasi ikiachwa wazi, mashine inayopokea yaweza kudhani anwani imekwisha, ikabaki na Heru. Heru ipi?

Alama ya & nayo hutenganisha swali na swali. Duka la Juma & Wanawe lisipoandikwa kwa %26 hufika likiwa la Juma peke yake, wana wamebaki njiani.

Hayo ni madogo. Kubwa ni majina ya watu. Kiswahili sanifu kina nafuu: hata ng' yetu hutumia ritifaa, ambayo ni %27. Lakini Kigoma ni mkoa wa mpakani. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 wakaongezeka Warundi. Hao wamekuja na majina ya ubatizo ya Kifaransa, kama Désiré.

Katika orodha ya zamani ya Ulaya Magharibi, é ni %E9. Katika mpango wa UTF-8, uliobuniwa Septemba 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, é ni %C3%A9. Jina likipelekwa kwa mpango wa pili na kusomwa kwa ule wa kwanza, Désiré hugeuka DÃ©sirÃ©. Sasa mfikirie mama anayemtafuta mwanawe waliyepotezana wakati wa kukimbia. Mashine haimwambii kwamba imeshindwa kusoma herufi. Humjibu kwamba mtu wa jina hilo hayumo.

Kanuni za 1994 hazikusema herufi zilizo nje ya ASCII zifuate orodha ipi. Kila mtengeneza programu alijiamulia. Ilipita miaka kumi na zaidi, hadi Januari 2005, ndipo kanuni mpya zikaelekeza UTF-8 kwa mipango itakayobuniwa kuanzia hapo. Majina yaliyokwisha kuharibika katika madaftari ya kompyuta hayakujirekebisha kwa tangazo hilo.