Jinsi marubani wanavyotambua nukta za angani kabla ya kutua

NDEGE inapokaribia uwanja ndani ya mawingu mazito, rubani haoni ardhi wala taa za barabara ya kutua. Hutegemea mitambo pekee na kushuka kwa hatua, mithili ya mtu anayeteremka ngazi gizani. Kila hatua huanzia kwenye nukta maalumu iliyochorwa katika ramani, pamoja na kimo ambacho haruhusiwi kushuka chini yake kabla ya kuipita.

Nukta hizo hutambuliwa kwa njia kadhaa. Kituo cha redio kiitwacho VOR huonyesha ndege iko upande gani wa kituo hicho. Mielekeo ya vituo viwili inapokutana, hapo ndipo penye nukta. Mtambo wa DME nao hupima umbali kwa maili za baharini. Siku hizi setilaiti pia hutumika.

Kabla ya kuamini kituo chochote, rubani husikiliza herufi zake katika msimbo wa Morse, ili ahakikishe hajafungua kituo kingine. Tena ni sharti ajue umbali unahesabiwa kutoka wapi, kwani si kila mtambo wa DME uliojengwa uwanjani.

Hatari ya kushuka kabla ya wakati ilidhihirika Desemba 1, 1974, nchini Marekani. Ndege ya TWA aina ya Boeing 727, safari nambari 514, ilikuwa ikielekea uwanja wa Dulles, karibu na jiji la Washington. Ingali mbali, mwongozaji wa safari za ndege aliiruhusu kuanza utaratibu wa kutua. Marubani walielewa kuwa wangeweza kushuka mara moja hadi futi 1,800, ilhali kimo hicho kilifaa tu baada ya kupita nukta iitwayo Round Hill. Ndege iligonga mlima wa Mount Weather na watu wote 92 wakafariki.

Baada ya mkasa huo, ndege kubwa za abiria nchini humo zililazimishwa kuwekwa mtambo wa kuonya zinapokaribia ardhi. Kanuni pia zilifafanuliwa: ruhusa ya kutua si ruhusa ya kushuka. Rubani hubaki katika kimo alichopewa mwisho hadi aingie kwenye njia iliyochorwa, kisha hufuata vimo vya ramani, nukta baada ya nukta.