Ludwig na Rosine Krapf: Miezi Miwili ya Kwanza Mombasa, 1844

Katika historia ya Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kilatini, mwaka 1844 hutajwa sana kuwa ndio mwaka ambao Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, yaani chama cha umisionari cha Kanisa la Uingereza, alihamia Mombasa. Kauli hiyo ni ya kweli, ila ina pengo, kwa sababu waliohamia walikuwa wawili, mume na mke, na mkewe Rosine, ambaye vitabu vingi humtaja kwa kaburi lake tu, alibeba sehemu kubwa ya gharama ya uhamiaji huo. Miezi yao miwili ya kwanza mjini, kuanzia Mei hadi katikati ya Julai, inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwani ndani yake huonekana wazi namna mgeni alivyopokewa katika mji wa pwani, na namna kazi iliyokuja kupewa jina la mtu mmoja ilivyotegemea watu wengi.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, na kabla ya kuja pwani alikuwa amefanya kazi Ethiopia, hasa katika ufalme wa Shoa. Mwaka 1842 alifunga ndoa na Rosine Dietrich nchini Misri, na mwaka uliofuata wawili hao walijaribu kurudi Shoa, lakini njia ilikuwa imefungwa, na katika safari hiyo binti yao wa kwanza, waliyempa jina la Eneba, alizaliwa na kufariki. Hapo ndipo Krapf alipokusudia kuwafikia Waoromo, jamii ya Ethiopia aliyotaka kuihubiria, kwa kupitia kusini. Mnamo Novemba 1843 walipanda chombo cha Waarabu bandarini Aden, wakati wa kaskazi, yaani pepo za msimu zinazovuma kutoka Bara Arabu kuelekea Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na Machi. Chombo cha kwanza kilivuja wakalazimika kurudi, wakasafiri tena kwa chombo kingine, na tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja.

Unguja ilikuwa makao ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na wa sehemu kubwa ya pwani, na mgeni aliyetaka kukaa katika mji wowote ulio chini yake hakuweza kumpita. Balozi mdogo wa Uingereza, Atkins Hamerton, alimfikisha Krapf kwa Sayyid, naye Sayyid akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, yaani wakuu aliowateua kusimamia miji kwa niaba yake, akiwaagiza wamtendee wema na kumsaidia. Uzito wa barua hiyo unaeleweka zaidi ikikumbukwa kwamba Mombasa ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837 tu, miaka saba kabla ya hapo, na kwamba katika mji uliotoka vitani mgeni asiye na mdhamini angeweza kudhaniwa kuwa mpelelezi. Baada ya kuikagua miji kadhaa ya pwani, Krapf aliichagua Mombasa, kwa kuwa kutoka hapo ilikuwa rahisi kuwafikia watu wa bara, na mwezi Mei akahamia huko pamoja na mkewe.

Mombasa, au Mvita kwa jina lake la kale, ulikuwa mji wa nyumba za mawe ya matumbawe, dari zake zikishikiliwa na boriti za mikoko na kuta zake zikipakwa chokaa, na watu wake walijitambua kwa Thenashara Taifa, yaani jamaa kumi na mbili za ukoo na asili zilizogawanyika katika makundi mawili, Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Katika mji wa namna hiyo mgeni hakuingia kama mtu huru anayejitafutia mahali pake mwenyewe, bali aliingia kwa mkono wa mwenyeji, mtu aliyemtafutia makazi, akamjulisha kwa wakubwa na kuwa dhamana ya mwenendo wake, desturi iliyokuwa imewahudumia wafanyabiashara wa pepo za msimu kwa karne nyingi. Desturi hiyo pia iligawa mapokezi kwa jinsia: wanaume walizungumza na wageni barazani, kwenye viti vya mawe vilivyojengwa kando ya mlango, na wanawake walikutana katika vyumba vya ndani. Kwa hiyo upande mmoja wa maisha ya mji, ambao desturi ilimfungia Krapf, ulikuwa wazi kwa Rosine peke yake.

Kazi ya lugha ilianza upesi. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, yaani hakimu wa sheria za Kiislamu. Msaada huo haushangazi ikizingatiwa kwamba habari za Adamu, Nuhu na Ibrahimu zilikuwa mali ya pande zote mbili, na kwamba kadhi alikuwa miongoni mwa wasomi wa mji ambao tayari ulikuwa na maandishi yake, kwani Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu na tenzi zake zikinakiliwa kwa mkono. Krapf mwenyewe alikuja kukusanya miswada ya tenzi hizo na mwaka 1854 akaikabidhi kwa jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki ya Ujerumani, iliyoihifadhi katika maktaba yake mjini Halle. Sura tatu za tafsiri ya Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la kitaaluma.

Hata hivyo, wakati waliohamia ulikuwa mbaya kwa afya zao. Mei ni mwezi wa masika, mvua ndefu za pwani, na majuma yanayofuata maji yanapotuama ndiyo majuma ya malaria, ugonjwa ambao uhusiano wake na mbu ulithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897 tu. Waliozaliwa na kukulia pwani walikuwa na kinga kiasi, lakini Wazungu hao wawili hawakuwa nayo, na Rosine alikuwa mjamzito. Mwanzoni mwa Julai Krapf alishikwa na homa, kisha mkewe naye akaugua, na katika hali hiyo, tarehe 6 Julai, akajifungua mtoto wa kike. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na mtoto akamfuata baada ya muda mfupi. Kwa kutii matakwa ya Rosine, alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya maji, mahali ambapo wapitao kutoka bara wangeliona kaburi.

Krapf hakuondoka. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alijiunga naye mwezi Juni 1846, na mwezi Agosti mwaka huohuo, kwa idhini ya wazee wa Rabai, mojawapo ya jamii zinazoitwa leo Mijikenda, walifungua kituo katika vilima vya huko, mahali palipoinuka kuliko kisiwa cha Mombasa. Kamusi ya Krapf ya Kiswahili, inayoegemea sana Kimvita, lahaja ya Mombasa, ilichapwa London mwaka 1882, miezi michache baada ya kifo chake. Huo ni urithi mkubwa, na hakuna haja ya kuupunguza. Kinachohitajika ni kuuhesabia wenyewe wote: liwali na kadhi waliompokea mgeni kwa desturi ya mji wao, wazee waliompa ardhi, na mwanamke aliyevuka bahari kwa azma ileile ya mumewe na kulipia uhamiaji huo kwa uhai wake kabla ya miezi mitatu kutimia. Mwandishi wa historia ya lugha yetu anayewaacha hao nje huwa ameandika habari za kitabu, akaziacha za watu waliokiwezesha.