Bendera: Panya wa mlima Kabobo na miaka 47 ya mlima kufungwa

BENDERA – Kati ya Januari na Machi 2007, watafiti walipanda milima ya Misotshi-Kabobo, juu ya Bendera kuelekea Fizi. Kulikuwa na watu wa shirika la WCS, wa kituo cha utafiti cha Lwiro na wa makumbusho ya Field Museum ya Chicago. Walirudi na wanyama sita walioona kuwa hawajawahi kuandikwa na sayansi: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili, wale wadogo wenye pua ndefu, na vyura wawili.

Kwa nini panya akae bila jina miaka yote hiyo? Jibu ni vita. Mwaka wa 1955 Prigogine alimwandika ndege wa Kabobo. Tangu 1960, wanasayansi hawakukanyaga tena huko. Tarehe 29 Juni 1965, wapiganaji wa Che Guevara pamoja na waasi wa Kongo walishambulia kambi ya Bendera, penye umeme wa mto Kiymbi. Walishindwa, lakini mlima ulibaki njia ya watu wenye silaha. Vita vingine vikafuata.

Watafiti wa 2007 walikuta sehemu kubwa ya msitu ingali nzima. Mwaka wa 2013, popo alipewa jina Rhinolophus willardi, na kirukanjia mmoja Myosorex kabogoensis. Jina hilo la pili linatoka kwenye mlima wenyewe.

Machifu walioulizwa wakati ule walikubali msitu ulindwe. Desemba 2016, jimbo la Tanganyika likatangaza hifadhi ya Kabobo. Lakini wakati huohuo, mapigano ya Watwa na Waluba yalikuwa yakitoa watu vijijini katika jimbo letu. Panya alikuwa nyumbani kwake. Familia nyingi hazikuwa kwao.

Hapo ndipo penye uzito. Mpaka wa hifadhi ukishawekwa, mtu aliyekimbia anaweza kurudi akakuta mambo yamebadilika karibu na shamba lake. Kwa hiyo, familia inayojiandaa kurudi ianze kwa chifu, ipelekwe mpaka unapopita, kabla ya kushika jembe. Na wanaolinda mlima nao wawasikilize wanaorudi, maana wawindaji na wakulima wa huku waliwajua panya hao kabla ya mtego wa kwanza wa Chicago.