Mkono Mfukoni Si Swagga

Wasee, mnamkumbuka yule mzee Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024? Yusuf Dikeç, miaka 51, tisheti, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, na akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Mitandao ikajaa memu. Kila mtu akaamua hiyo ndiyo kujiamini.

Mimi naona tulisoma ile picha vibaya. Wapiga bastola wengi huweka mkono mfukoni ama kwenye mshipi ili usining'inie na kuyumbisha mwili. Ni mazoezi ya miaka, si pozi. Lakini sasa kuna vijana wanaenda uwanja wa shabaha mara ya kwanza wakidhani kazi ni kukaa kama wameshazoea. Hapo ndipo mtu anaumia.

Ukitaka stori ya kujiamini kwenye mchezo huu, anza na Lanny Bassham wa Marekani. Munich 1972 alienda akiwa na uwezo wa kushinda, presha ikamshika, akarudi na fedha. Bunduki yake haikuwa na shida, kichwa ndicho kilichomwangusha. Akafanya kitu ambacho watu wenye majivuno hawawezi: akawafuata washindi wa dhahabu na kuwauliza wanafikiria nini wakati wa mashindano. Mtu ana medali ya Olimpiki, na bado anauliza maswali kama mgeni!

Kwa hivyo wewe unaogopa kuuliza nini? Siku yangu ya kwanza uwanjani, msimamizi hakuniuliza kama najua kulenga. Alitaka kuona kama nasikiza. Mtutu unaelekea kwenye shabaha saa zote, hata kama umeambiwa haina risasi. Kidole kinakaa nje ya triga mpaka uwe umelenga. Bunduki ya mwenyewe haiguswi bila ruhusa. Mtu akiwa amelenga, usimpigie stori. Na ukisikia "simama", unasimama papo hapo. Yeyote akiona hatari anaweza kupiga hiyo kelele, hata wewe uliyefika leo asubuhi, na hakuna mkongwe wa kukuuliza wewe ni nani. (Ni sehemu ngapi hapa Nairobi mgeni ana nguvu hiyo?)

Sasa turudi kwa Bassham. Montreal 1976, wanaume na wanawake walikuwa wanashindana pamoja. Kwenye raifo ya mita 50, yeye na Margaret Murdock, mwanamke kutoka timu yake mwenyewe, wakamaliza sawa kabisa, alama 1162 kila mmoja. Kanuni za kuvunja sare zikampa Bassham dhahabu. Wimbo wa taifa ulipopigwa, akamvuta Murdock juu, wakasimama wote wawili kwenye ngazi ya mshindi. Murdock ndiye mwanamke wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika kulenga shabaha, na medali yake ni ya fedha mpaka leo. Kwangu, ile ngazi ndiyo adabu yenyewe ya huu mchezo. Wapigaji walimheshimu kuliko kanuni zilivyomheshimu.

Na kanuni hazikujifunza haraka. Barcelona 1992, Zhang Shan wa China aliwapiku wanaume kwenye skiti, ile ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani. Alipata 223 kati ya 225. Wanaume wawili waliomfuata wakambeba juujuu pale jukwaani. Manze, itafute hiyo picha. Atlanta 1996, skiti ikawa ya wanaume pekee. Bingwa mtetezi hakuwa na mahali pa kutetea taji lake, na wala si kwa sababu alishindwa na mtu.

Wanawake walipewa skiti yao Sydney 2000. Zhang Shan alirudi, miaka minane baadaye, na akamaliza bila medali.